Chokaa Kidogo, Chokaa Nyingi: Kupima Madini katika Chakula cha Kuku wa Nyama

Somo letu la leo ni juu ya kuku wa nyama na madini yaliyomo katika chakula chake. Usishtuke kwa neno madini. Hatuendi kuchimba dhahabu. Madini tunayosema hapa ni yale yaliyomo ndani ya mifupa, ndani ya chumvi, ndani ya dagaa na ndani ya ganda la yai.

Katika sehemu zetu hizi, wako watu wanaofuga kuku weupe wa kisasa, wale wanaochinjwa wakiwa na wiki 6 hivi. Wako pia wanaofuga chotara, kama Kuroiler na Sasso. Nanganga ni mahali pazuri kwa biashara hiyo. Barabara kuu ya kutoka Lindi kwenda Masasi inapita, na hapo hapo ndipo unapokata njia kwenda Ruangwa au Nachingwea. Msafiri mwenye njaa hakosekani njia panda.

Lakini iko hasara moja inayowarudisha watu nyuma. Vifaranga wanaanza vizuri. Wanakula, wanachangamka. Wiki ya pili au ya tatu, baadhi yao wanaanza kuchechemea. Wanakalia magoti. Wanajikokota kwenda kwenye chombo cha maji, na wenzao wanawakanyaga. Mwenye kuku anasema, "Huu ni mdondo." Jirani anasema, "Wametupiwa jicho." Kumbe wakati mwingine shida imo ndani ya debe la chakula.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme mama mmoja amenunua vifaranga 50. Kati yao 12 wamelemaa. Amelipa bei ya vifaranga 50. Amenunua chakula cha vifaranga 50. Amechoma mkaa wa kuwapasha joto wote 50. Lakini sokoni anapeleka kuku 38. Wale 38 wanaweza kumrudishia mtaji wake tu. Faida yake, ile ya sare ya mtoto na bati la jikoni, ilikuwa kwa wale 12.

NYUMBA YA FITO NA UDONGO

Mfupa umejengwa kama nyumba zetu za miti. Kwanza zinasimama nguzo na fito. Hizo katika mfupa ni protini, kitu kilaini kinachopindika. Halafu fito zinakandikwa udongo, ndipo nyumba inakuwa imara. Udongo wa mfupa ni madini mawili: kalsiamu na fosforasi.

Kalsiamu ni ile iliyomo kwenye chokaa. Ndiyo maana wafugaji wengi huiita chokaa tu. Fosforasi imo kwa wingi katika mifupa na samaki. Katika mwili wa kuku, kalsiamu karibu yote imo mifupani, sehemu 99 katika 100. Fosforasi imo mifupani sehemu 80 katika 100.

Hayo madini mawili hufanya kazi pamoja. Ukileta kalsiamu nyingi bila fosforasi, mfupa haujengeki. Ukileta fosforasi bila kalsiamu, pia haujengeki. Ni kama udongo na maji. Fundi mwenye rundo la udongo na hana maji, hakandiki ukuta.

Kuna na la tatu, jua. Ili kalsiamu itoke tumboni iingie mwilini, kuku anahitaji vitamini D. Kuku anayetembea nje hujitengenezea vitamini hiyo kwa mwanga wa jua unaompiga mwilini. Kifaranga anayefungiwa chumbani kwenye giza haipati, labda iwe imetiwa katika chakula chake. Kwa hiyo unaweza kuwapa vifaranga mifupa iliyosagwa kila siku, na bado wakapata matege kwa sababu hawaoni jua.

KWA NINI KUKU WA KIENYEJI HAPATI SHIDA HII

Wazee huuliza: "Mbona kuku wetu wa kienyeji hatukuwapimia madini, na miguu yao ilinyooka?" Swali zuri. Majibu yako mawili.

Kwanza, kuku wa kienyeji anajitafutia. Anadonoa mchwa, konokono, majani, vipande vya mifupa jalalani, na maganda ya mayai. Anajua mwili wake unataka nini. Kuku aliyefungiwa bandani hana uchaguzi. Anakula ulichomwekea tu.

Pili, kuku wa kienyeji anakua polepole. Jogoo wa kijijini huchukua miezi 5 au 6 kufikia kuchinjwa. Kuku wa kisasa wa nyama, siku anayoanguliwa, ana uzito wa gramu 40 hivi. Wiki ya 6 anafika kilo 2 na zaidi. Amekua mara 50! Fikiri mtoto aliyezaliwa na kilo 3. Kama angekua hivyo, angekuwa na kilo 150 wakati ndiyo kwanza mama yake anatoka arobaini. Miguu ya mtoto huyo ingemudu vipi? Basi ndivyo ilivyo kwa kuku huyu. Nyama inaongezeka haraka, na mfupa lazima uikimbilie.

TUSOME ALAMA YA ASILIMIA

Kwenye mfuko wa chakula cha kuku kuna karatasi iliyoandikwa. Wengi huitupa. Sisi tuliojifunza kusoma tusiitupe.

Utaona alama hii: %. Inasomwa asilimia. Maana yake ni "katika kila mia". Ukiona kalsiamu 1%, maana yake ni kilo 1 ya kalsiamu katika kilo 100 za chakula. Kilo 1 ni gramu 1,000. Mara nyingine kalsiamu huandikwa kwa herufi mbili, Ca, na fosforasi kwa herufi moja, P.

Sasa, kuku wa nyama anahitaji kiasi gani? Andika katika daftari lako:

Kuanzia siku ya kwanza mpaka wiki ya 3, kilo 100 za chakula ziwe na kalsiamu gramu 1,000 na fosforasi gramu 450.

Kuanzia wiki ya 4 mpaka ya 6, kalsiamu gramu 900 na fosforasi gramu 350.

Baada ya hapo mpaka kuchinja, kalsiamu gramu 800 na fosforasi gramu 300.

Umeona? Kadiri kuku anavyokua, kiasi kinapungua. Na kila mara kalsiamu ni kama mara mbili ya fosforasi, au zaidi kidogo ya mara mbili. Hicho ndicho kipimo cha kushika kichwani: mbili kwa moja.

MAHINDI MATUPU

Wako wanaofuga kuku wa nyama kwa mahindi na pumba tu. Tuwapigie hesabu.

Kilo 100 za mahindi zina kalsiamu gramu 20 tu. Kifaranga anataka gramu 1,000. Gramu 20 kwa gramu 1,000! Ni kama kumtuma mtu akanunue bati 50, ukampa pesa ya bati 1.

Fosforasi je? Hapo mahindi yanadanganya. Kilo 100 za mahindi zina fosforasi gramu 280. Mtu anasema, si haba. Lakini sehemu kubwa ya fosforasi hiyo, karibu theluthi mbili, imefungwa kama ndani ya sanduku lenye kufuli. Ng'ombe na mbuzi wana ufunguo. Vijidudu vilivyomo katika tumbo lao kubwa hulifungua sanduku hilo. Kuku hana tumbo la namna hiyo. Fosforasi iliyofungwa inampita na kutoka na kinyesi. Katika zile gramu 280 anapata kama gramu 80 tu.

Mtama, pumba na mashudu vina kufuli hilo hilo. Tangu miaka ya 1990 viwanda vikubwa vya chakula vimekuwa vikitia kimeng'enya kinachofungua kufuli hilo. Sisi wa kijijini tunatumia njia ya zamani: mifupa na dagaa. Fosforasi ya mifupa na samaki haina kufuli.

CHAKULA CHA KUKU WA MAYAI SI CHAKULA CHA KUKU WA NYAMA

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanaangukia.

Mtu akishasikia kwamba kalsiamu hujenga mifupa, anasema: "Basi nitawapa nyingi." Au amekosa chakula cha kuku wa nyama dukani, akauziwa cha kuku wa mayai. Muuzaji anamwambia, "Kuku ni kuku."

Si kweli. Kuku anayetaga hutengeneza ganda la yai karibu kila siku, na ganda ni kalsiamu karibu tupu. Kwa hiyo chakula chake hutiwa kalsiamu kilo 3 na nusu mpaka kilo 4 katika kilo 100. Kuku wa nyama anataka kilo 1 au pungufu. Ukimpa chakula cha mayai, unampa mara nne ya haja yake. Naye hatagi. Ataipeleka wapi kalsiamu hiyo yote?

Inakwenda kwenye figo. Figo zinajitahidi kuitoa, zinachoka, zinavimba. Kifaranga anakunywa maji mno. Kinyesi chake kinakuwa maji maji na cheupe. Hakui. Mwingine anakufa, na ukimpasua unaona unga mweupe kama chaki umetanda juu ya moyo na ini. Zaidi ya hayo, kalsiamu ikizidi tumboni inashikamana na fosforasi, na zinki pia, ikazizuia zisiingie mwilini. Kwa hiyo kifaranga aliyelishwa chokaa nyingi mno anaweza kupata miguu mibovu kama yule aliyenyimwa. Ajabu, lakini ndivyo mwili ulivyo.

Kwenye mifuko huandikwa kwa Kiingereza. Jifunze kuyatambua maneno haya kwa macho. "Broiler" ni kuku wa nyama. "Layers" ni kuku wa mayai. Ukiona "Layers", rudisha mfuko, hata kama bei yake ni nafuu.

Na jambo jingine. Kama umenunua chakula kamili cha kuku wa nyama kutoka dukani, usiongeze mifupa, usiongeze chokaa, usiongeze chumvi. Kiwandani wamekwisha pima. Kuongeza kwako kunaharibu kipimo chao. Ushauri wangu ni huu: kwa wiki 3 za kwanza, nunua chakula kamili. Kifaranga mdogo hula kidogo, kwa hiyo gharama si kubwa sana, na kosa la wakati huo halirekebishiki. Kuanzia wiki ya 4, hasa kwa chotara, ndipo uchanganye mwenyewe.

VITU TULIVYO NAVYO

Mifupa. Zamani mifupa ya ng'ombe ilikuwa haba kwetu, maana ndorobo walizuia ng'ombe. Lakini mwaka 2006 na 2007 wafugaji walihamishwa kutoka bonde la Usangu, na wengine walikuja mkoa wetu wa Lindi. Siku hizi mifupa ya buchani hupatikana. Ichukue, ukoke moto mkali nje ya nyumba, uichome mpaka iwe myeupe. Ikiwa bado nyeusi, haijaiva. Mfupa ulioiva unavunjika kwa mkono. Utwange kinuni, uchekeche. Kilo 1 ya unga huo ina kalsiamu gramu 350 hivi na fosforasi gramu 160 hivi. Angalia: ni ile ile mbili kwa moja.

Lakini usiokote mifupa ya mnyama aliyekufa mwenyewe porini au zizini. Anaweza kuwa amekufa kwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Tumia mifupa ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa.

Magamba. Makombe ya baharini kutoka Lindi, magamba ya konokono shambani, maganda ya mayai kutoka kwa mama lishe. Yote haya ni kalsiamu bila fosforasi. Kilo 1 ina kalsiamu gramu 380 hivi. Maganda ya mayai yachemshe kwanza, uyakaushe, ndipo uyatwange, yasilete ugonjwa.

Usitumie chokaa ya kupaka nyumba. Ile imepitia tanuri, inaunguza mdomo na utumbo. Wala kokoto za mchangani si madini ya kulisha. Kokoto ni meno ya kuku. Zinakaa kwenye firigisi kusaga chakula. Kuku anaweza kuwa na firigisi iliyojaa kokoto na bado mifupa yake ikawa laini.

Dagaa. Dagaa ni nyama na mifupa pamoja. Kilo 1 ya dagaa wakavu safi ina kalsiamu kama gramu 30 na fosforasi kama gramu 20. Lakini dagaa walioanikwa chini huja na mchanga. Watie kiganjani uwapuliza, na uwapepete kwenye ungo kabla ya kuwapima, la sivyo utakuwa umenunua mchanga kwa bei ya samaki.

Mashudu ya ufuta. Hili ni zao letu, na wenye mashine za kukamua mafuta huuza mashudu. Kilo 1 ina kalsiamu gramu 20 hivi. Ni nyingi kuliko mashudu mengine. Lakini ufuta nao una mkono wa birika. Katika maganda yake kuna vitu vinavyoshika kalsiamu na zinki visitoke kirahisi. Kwa hiyo tunautumia, lakini hatuufanyi ndio chakula.

Watu wamewahi kuuliza kuhusu mbolea ya Minjingu. Wamesikia kwamba ina fosforasi nyingi. Ni kweli inayo. Mawe yale ya mkoani Manyara yalitokana na kinyesi na mifupa ya ndege walao samaki, katika ziwa la kale. Lakini yana pia floridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Mbolea hiyo ni ya shamba. Iache shambani.

Na tafadhali, ule mfuko uliokuwa na salfa ya mikorosho usiuwekee chakula cha kuku, hata ukiukung'uta mara kumi.

HESABU YA KILO 100

Sasa tuchanganye chakula cha kuku wa wiki ya 4 na kuendelea. Chukua:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 58.
Pumba laini za mpunga, kilo 10.
Mashudu ya alizeti, kilo 14.
Mashudu ya ufuta, kilo 8.
Dagaa waliosagwa, kilo 8.

Jumla ni kilo 98. Tumebakiza kilo 2 kwa ajili ya madini na vitamini. Je, ndani ya hizo kilo 98 kuna kalsiamu kiasi gani?

Mahindi na pumba kwa pamoja, gramu 20.
Mashudu yote mawili, gramu 200.
Dagaa, gramu 240.

Jumla, gramu 460. Tunataka 900. Zimepungua 440.

Fosforasi isiyofungwa je? Nafaka, pumba na mashudu kwa pamoja, gramu 120 hivi. Dagaa, gramu 160. Jumla 280. Tunataka 350. Zimepungua 70.

Tuanze na fosforasi, maana ndiyo ngumu kupata. Tukitia nusu kilo ya unga wa mifupa, tunapata fosforasi gramu 80. Inatosha. Na hiyo nusu kilo inatuletea kalsiamu gramu 175.

Tulipungukiwa kalsiamu gramu 440. Toa 175. Zinabaki 265. Hizo tunazipata kwenye magamba yaliyotwangwa, gramu 700. Kwa nini tusitie mifupa tu mpaka kalsiamu itimie? Kwa sababu fosforasi ingepita kiasi. Kila kitu kina kazi yake: mifupa kwa fosforasi, magamba kwa kalsiamu iliyobaki.

Mpaka hapo tumetia gramu 500 na gramu 700, yaani kilo 1 na gramu 200. Bado gramu 800. Tutatia chumvi gramu 300, na primiksi ya dukani gramu 500. Primiksi ni mchanganyiko wa vitamini na yale madini madogo madogo nitakayoyaeleza. Nyingine hutumika gramu 250 tu, kwa hiyo soma kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yako. Na tazama kama ndani yake wametia chumvi tayari. Ikiwa wametia, punguza yako.

Pima kwa mizani. Kopo si mizani. Kopo moja la pumba na kopo moja la unga wa mifupa havina uzito sawa hata kidogo. Kama huna mizani, nenda dukani na kopo lako, pima pale gramu 500 za mifupa, weka alama kwenye kopo kwa msumari. Fanya hivyo kwa magamba, na kwa chumvi, kila kimoja na kopo lake. Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta kabla ya kupima vizuri udongo na mvua. Mwaka 1951 waliuacha.

CHUMVI NA KUCHANGANYA

Chumvi ndiyo madini ya bei nafuu kuliko yote, na ndiyo inayoua haraka kuliko yote.

Kuku akikosa chumvi hali vizuri, hakui, na huanza kudonoa wenzake na kula manyoya. Lakini ikizidi, anakunywa maji kupita kiasi, matandiko ya banda yanalowa, tumbo linajaa maji, na vifaranga wanakufa, hasa wakikosa maji. Ile gramu 300 katika kilo 100 inatosha. Kwa gunia zima, watu huona ni kidogo mno. Ukitumia dagaa au samaki wa chumvi, usitie chumvi nyingine kabisa. Na kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, punguza pia.

Hatari nyingine ni kuchanganya vibaya. Ukimwaga chumvi gramu 300 juu ya lundo la kilo 98 na kukoroga kwa koleo mara mbili, chumvi itakaa mahali pamoja. Kifaranga mmoja atadonoa bonge la chumvi, mwingine hatapata hata chembe. Kipimo kilikuwa sawa, lakini kuku wamekufa.

Fanya hivi. Changanya chumvi, mifupa, magamba na primiksi katika sufuria pamoja na kilo 2 za mahindi yaliyoparazwa. Koroga mpaka rangi iwe moja. Kisha mimina hayo katika kilo 10 za mahindi, koroga tena. Halafu ndipo uyamwage juu ya turubai pamoja na vyote vilivyobaki, ugeuze kwa koleo kutoka upande huu kwenda upande ule, mara nne au tano. Kazi inachosha. Ifanyeni wawili.

Mahindi au mashudu yaliyoota ukungu usiyatie. Sumu ya ukungu hudhoofisha ini, na mwili hushindwa kutumia hata madini uliyopima vizuri.

MADINI MADOGO MADOGO

Yako madini ambayo kuku huyataka kwa kiasi kidogo sana. Katika chakula kilo 100 anataka manganisi gramu 6 na zinki gramu 4. Chuma, shaba na madini joto pia yamo katika kundi hili. Huwezi kuyapima nyumbani, ndiyo maana tunanunua primiksi.

Nitasema juu ya manganisi peke yake, kwa sababu ugonjwa wake unaonekana wazi. Kifaranga akiikosa, goti lake la nyuma linavimba, mshipa mkubwa unateleza kutoka mahali pake, na mguu unapinda pembeni. Mahindi yana manganisi kidogo mno. Pumba laini za mpunga zinayo kwa wingi. Kwa hiyo zile kilo 10 za pumba katika hesabu yetu hazikutiwa kujaza gunia tu.

UTAJUAJE KAMA NI MADINI AU NI UGONJWA

Mshike kifaranga anayechechemea, uminye mdomo wake kwa vidole. Mdomo wa kifaranga mzima ni mgumu. Ukipindika kama mpira, ana matege: kalsiamu, fosforasi au jua vimepungua. Mara nyingi miguu yote miwili inadhoofika, na vifaranga kadhaa wanapata shida kwa wakati mmoja, huku bado wanataka kula.

Akiwa amepinda shingo, anazunguka, anaharisha kijani, na wenzake wanakufa mfululizo, huo unaweza kuwa mdondo. Mdondo hautibiwi kwa mifupa. Kinga yake ni chanjo kabla haujaingia. Akiwa amenyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hayo nayo yanaweza kuwa maradhi mengine. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

Ukigundua matege mapema, rekebisha chakula siku hiyo hiyo, na uwatoe vifaranga juani asubuhi, mahali palipozungushiwa wavu dhidi ya mwewe. Wengi watasimama katika siku chache. Lakini mfupa uliokwisha pinda haunyooki tena. Huyo mtenge, mpe chakula na maji karibu, umle nyumbani akifikia uzito. Nyama yake haina ubaya.

MASWALI YA KIKUNDI

Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, watu walikaa katika vikundi wakajadili chakula cha watoto wao. Tukae vivyo hivyo. Mmoja asome, mwingine aandike ubaoni.

1. Kikundi kinataka kuchanganya kilo 25 tu za chakula. Kitatumia kiasi gani cha kila kitu katika hesabu yetu? (Kilo 25 ni robo ya 100. Gawanya kila kiasi kwa 4. Mkipata mifupa gramu 125 na magamba gramu 175, mmepatia.)

2. Mwenzenu amepata dagaa wa chumvi badala ya dagaa wakavu wa kawaida. Atatia chumvi gramu ngapi?

3. Mtu amenunua mfuko ulioandikwa kalsiamu 3.8%. Katika kilo 100 kuna gramu ngapi? Je, chakula hicho ni cha kuku gani?

4. Siku ya darasa lijalo, kila atakayechinja kuku alete mfupa mmoja wa paja uliosafishwa. Tutaikunja yote mbele ya darasa. Unaovunjika kwa kishindo tutauweka kulia, unaopindika tutauweka kushoto, na mwenye kuku atueleze alikuwa anamlisha nini.